Ndila na Kabati la Dawa

Ufunguo wa kabati la dawa la wodi ya wanawake ulining'inia shingoni mwa Ndila, kwenye uzi mweusi, chini ya gauni lake, na hakuna aliyewahi kuuona mahali pengine. Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, vitanda ishirini na vinne chini ya mabati, kando ya barabara itokayo Kitui kwenda Zombe. Wodi ya wanaume ilikuwa mikononi mwa dresa mmoja, mfunga vidonda, jina lake Mulei. Ya wanawake ilikuwa ya Ndila tangu mwaka wa 1929. Juu yao wote alikuwa Daktari Trivedi, Mhindi mrefu mwenye miwani, ambaye nusu ya wiki alikuwa hospitalini na nusu nyingine alikuwa njiani akizungukia zahanati za mbali.

Ndila hakuwa mtu wa huko. Alizaliwa Kikima, kwenye vilima vya Mbooni, ambako asubuhi ukungu hukaa mpaka jua lipande. Mumewe alichukuliwa kubebea askari mizigo katika vita vya Wajerumani, akaenda na wenzake, wenzake wakarudi. Ndila alikuwa na miaka ishirini na mitatu, hana mtoto. Shemeji yake alipoanza kusema kwamba mjane na shamba la nduguye sasa ni mali yake, Ndila alifunga nguo zake katika shuka, akatembea siku tatu mpaka misheni moja ambako palikuwa na bibi wa Kizungu aliyetibu wagonjwa.

Bibi yule hakumfundisha mtu. Alimwambia Ndila kazi yake ni kushika beseni, na Ndila akashika beseni miaka minane. Lakini mwenye kushika beseni husimama karibu. Aliona dawa kiasi gani inatiwa katika maji kiasi gani, aliona sindano inaingia kwa pembe ipi, aliona mtoto aliyetanguliza miguu tumboni anavyogeuzwa. Herufi alijifunza kwa watoto wa shule ya misheni, siku za Jumapili. Bibi aliporudi kwao, Ndila alikuwa anajua karibu yote aliyoyajua bibi, na hakuna hata moja aliloambiwa.

Kwa hiyo alipopewa wodi yake mwenyewe, hakuona ajabu kuwatendea wengine kama alivyotendewa. Wakati wa kufunga kidonda kikubwa au kuzalisha, aliwaambia wasaidizi wake, "Tokeni. Fungeni mlango." Aliyeuliza swali alijibiwa, "Uliandikwa kazi ya kuuliza?" Katika wodi ile watu walitembea kwa ncha za vidole. Palikuwa safi, hilo hakuna aliyebisha. Daktari alimsifu kwa usafi.

Lakini chini ya ukali ule palikuwa na hofu, na hofu hiyo Ndila hakumwonyesha mtu. Alijiambia kwamba siku mwanamke mwingine atakapojua anayoyajua yeye, hospitali haitakuwa na haja naye tena, na yeye hana pa kwenda isipokuwa boma la shemeji. Wengine walikuwa na waume, watoto, mbuzi. Yeye alikuwa na yale aliyoyajua.

Mwaka wa 1936 macho yake yalianza kumchezea. Kwanza ilikuwa uzi na sindano. Alidhani uzi wa siku hizi ni mbovu. Kisha kipimajoto: ule mstari mwembamba wa fedha ukapotea ndani ya kioo, akakigeuza na kukigeuza kama mtu anayetafuta chawa. Vitu vya mbali aliviona sawasawa. Angeweza kukuambia ng'ombe anayeshuka mlima wa pili ana pembe moja. Lakini chochote alichokileta karibu na uso kiliyeyuka, mpaka ikawa lazima anyooshe mkono wote, na mwisho hata mkono wenyewe ukawa mfupi.

Akaanza kufanya kazi kwa kukumbuka. Chupa alizijua kwa mahali pake: rafu ya juu kushoto dawa ya macho ya watoto, rafu ya chini kulia dawa ya vidonda, ya kikohozi katikati. Na kipimajoto akawa anampa Muthoki, msaidizi wake wa makamo. "Hebu nisomee, mikono yangu ina sabuni." Muthoki alisoma, na Ndila akaandika kwa herufi kubwa kubwa. Hakuwahi kujiuliza Muthoki, ambaye hakuingia shule hata siku moja, alijifunzia wapi kusoma kipimajoto.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda miezi mitano.

Mvua za Novemba zilipoanza, mchwa walikula rafu za kabati la dawa. Daktari, kabla ya kuondoka kwenda safari yake, alimwita seremala na kumwambia Mulei asimamie. Ndila alifungua kabati, chupa zikapangwa mezani, seremala akaanza kugonga. Kabla hajamaliza aliletwa mwanamke mwenye uchungu. Aliitwa Deqa, mke wa mfanyabiashara wa mifugo aliyeitwa Abdille, watu wa kaskazini mashariki waliokuwa wakipita na ng'ombe kuelekea Kitui. Uchungu ulimshikia njiani, akabebwa kwenye kitanda cha kamba mpaka mlangoni pa wodi.

Ndila aliingia naye chumba cha kuzalia, akamchukua Kalondu amshikie taa na vitambaa. Kalondu alikuwa msaidizi wake mdogo kuliko wote, msichana wa Zombe aliyesoma misheni mpaka darasa la tatu. Kwa kawaida angemtoa nje msichana, mtoto anapokaribia kuzaliwa, lakini Deqa alikuwa ameukamata mkono wa msichana na hakuuachia. Saa tisa mchana mtoto alizaliwa, wa kike, sauti kama filimbi.

Kila mtoto aliyezaliwa pale alitiwa tone moja la dawa katika kila jicho, ili uchafu wa njia ya uzazi usije ukampofusha. Dawa hiyohiyo ilikuwa pia katika chupa nyingine, ila kali mara kumi, kwa ajili ya kuchoma nyama mbaya inayoota juu ya vidonda vya zamani. Chupa zote mbili zilikuwa za kahawia, za ukubwa mmoja. Juu ya moja daktari alikuwa ameandika, kwa herufi zake ndogo kama sisimizi, moja kwa mia. Juu ya nyingine, kumi kwa mia.

Ndila alienda kabatini. Rafu zilikuwa mpya, zinanukia mbao, na chupa zilikuwa zimekwisha kurudishwa. Akanyoosha mkono juu kushoto kama alivyofanya mara mia. Akarudi na chupa ya kahawia, akavuta dawa kwa mrija, akamwinamia mtoto mikononi mwa Kalondu, akainua kope la jicho lake kwa kidole.

"Mwaitu, ngoja," alisema Kalondu. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na hivyo ndivyo wote walivyomwita.

Ndila hakungoja. Hakuwa amezoea kuambiwa ngoja. Kalondu akageuka na mtoto mikononi, akampa Ndila mgongo, na tone likaangukia bega la gauni lake.

"Wewe! Una wazimu?"

"Hiyo ni ya vidonda, Mwaitu."

"Umesema nini?"

"Ni kumi. Si moja. Nimeisoma." Kalondu hakugeuka.

Ndila alikwenda na chupa mpaka dirishani. Kisha akatoka nayo mpaka barazani, penye mwanga wote wa mchana, akanyoosha mkono mpaka bega likauma. Aliona karatasi nyeupe yenye vumbi jeusi. Palikuwa na ufa kidoleni mwake, wa magadi ya kufulia. Akadondosha tone moja juu ya ufa ule. Liliuma kama siafu, na ngozi ikageuka nyeupe palepale.

Alisimama hapo barazani muda mfupi. Alifikiria lile jicho, lilivyokuwa jeusi na lenye maji, likitazama bila kuona kitu bado.

Aliporudi ndani alikuwa na chupa ya pili, ile iliyokuwa rafu ya chini. Akaishikilia mbele ya uso wa Kalondu. "Soma."

"Moja kwa mia."

"Soma tena."

"Moja kwa mia, Mwaitu."

Akatia matone. Mtoto akalia, akafumba macho, akatulia. Deqa, kutoka kitandani, alikuwa ameona yote. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha sokoni. "Mama," aliuliza, "dawa mbaya?"

Ndila angeweza kusema hapana. Wodi ilikuwa yake na hakuna wa kumuuliza. Lakini mwanamke yule alikuwa amelala pale jasho halijakauka, akimtazama usoni. "Ya kwanza ilikuwa mbaya," alisema Ndila. "Haikumgusa. Huyu msichana aliizuia. Hii ya pili ndiyo yake."

Deqa alimtazama Kalondu, kisha akanyoosha mikono apewe mtoto wake. Alisema maneno mengi kwa Kisomali, polepole. Hawakuyaelewa, lakini hayakuwa ya hasira.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Ndila alimkuta Kalondu na Muthoki nyuma ya jiko wakianika shuka. Tangu saa tisa alikuwa akingoja Mulei aje kumcheka, kwa maana aliamini habari imekwisha kufika wodi ya wanaume. Mulei hakuja.

"Kalondu. Kwa nini hukuniambia kwamba unajua kusoma chupa?"

"Hukuniuliza, Mwaitu. Huwa nazisoma ninapopanguza vumbi."

"Na hukumwambia mtu habari ya leo?"

"Nimwambie nani?"

Muthoki aliweka chini beseni lake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mama wa watoto sita, na umri wake haukupishana sana na wa Ndila. "Mwaitu, tuseme tu. Tunajua habari ya macho yako. Tunajua tangu baridi ya Juni."

Ndila aligeuza uso kumtazama Muthoki, naye akaendelea.

"Sisi ndio tuliokuwa tunazirudisha chupa mahali pake kila ulipozikosea. Kalondu alizipanga kila ulipotufungulia kabati tupanguze vumbi. Kipimajoto yeye alinifundisha hapa hapa, kwa kijiti na mchanga, ili ukinipa nikusomee. Leo Mulei alizirudisha kabatini mwenyewe, na sisi hatukupata nafasi. Mimi nilikuwa na mgonjwa wa kuhara, Kalondu alikuwa ndani na wewe."

"Miezi mitano?" alisema Ndila.

"Miezi mitano."

Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jambo lililomchoma halikuwa kwamba walijua. Lilimchoma kwamba walimlinda, na alijua jinsi alivyowatendea. Aliwahi kumpokonya Muthoki siku ya mapumziko kwa sababu ya doa kwenye shuka. "Kwa nini mlinificha?" aliuliza. "Mngemwambia daktari, ningekwisha kwenda zangu. Mngepumua."

Muthoki alimtazama Kalondu, na Kalondu akatazama chini. Mwisho Muthoki akasema, "Ukiondoka tutabaki na nani anayejua? Hujatufundisha kitu. Mwanamke akija mtoto amekaa vibaya, nani atamgeuza? Mimi? Tunajua kufua na kusoma kipimajoto. Tulikuwa tunaogopa kukupoteza."

Maneno hayo hayakusemwa kwa ukali wala kwa upole. Yalisemwa tu. Ndila alikaa juu ya ndoo mpaka shuka zote zikaanikwa. Miaka yote alikuwa amejilinda asifukuzwe, na kweli, kinga yake ilikuwa imefanya kazi. Ilifanya kazi vizuri mno, hata ikakaribia kumpofusha mtoto wa Deqa.

Daktari Trivedi alirudi kesho yake saa nne. Kabla hajavua kofia, Ndila alikuwa mlangoni mwa ofisi. Alikuwa amekwisha kuvua uzi mweusi shingoni. Akauweka mezani na ufunguo wake.

"Nini hii, Ndila?"

Alimwambia. Alianza na uzi na sindano, akaja kwa kipimajoto, akaja kwa chupa. Alilisema la mtoto bila kulipunguza, na la wasaidizi wake pia, ila aliomba wasiadhibiwe kwa kuficha. Alipomaliza, daktari alikuwa amekwisha kukaa. Ndila alijiona tayari njiani, na shuka lake kichwani, vilima vya Mbooni vikija mbele.

"Lete chupa," alisema daktari.

Alipoletewa chupa mbili, aliziweka bega kwa bega mezani, akazitazama, na masikio yake yakawa mekundu. "Nani aliandika hii?" akauliza, na akajijibu mwenyewe, "Mimi niliandika. Chupa moja, rangi moja, na mwandiko wa sisimizi." Akaichukua ile kali na kuifungia katika sanduku lake mwenyewe. Kisha akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, akamnyooshea. "Vaa."

"Bwana Daktari?"

"Vaa, vaa. Soma hapa." Akamsukumia gazeti.

Ndila aliivaa. Ilikuwa kubwa, ikamteleza puani, akaishikilia kwa kidole. Alitazama gazeti, na herufi zikasimama. Zilikuwa nyeusi, moja moja, kila moja na mguu wake. Akasoma mstari mzima wa habari ya bei ya pamba Uganda, jambo lisilomhusu hata kidogo, akausoma mpaka mwisho.

"Si upofu?" aliuliza.

"Upofu gani? Ni umri. Hata mimi. Umefika miaka arobaini na kitu, basi." Daktari alikuwa anacheka sasa, lakini kwa chini. "Ulidhani unapofuka?"

Ndila aliitikia kwa kichwa. Kila usiku wa miezi ile alijilaza na kufumba macho ili ajizoeze giza litakavyokuwa, na hilo pia hakuwahi kumwambia mtu.

Daktari aliurudisha ufunguo upande wa Ndila wa meza. "Miwani itatoka Nairobi, wiki sita, saba. Mpaka hapo, wewe usitoe dawa yoyote bila mtu mwingine kuisoma kwa sauti. Na ikija miwani, vivyo hivyo. Na mimi pia. Watu wawili, kila chupa. Na wale wasaidizi wako, Ndila, wafundishe. Kama ungelala na homa wiki moja, mimi ningefanya nini na wanawake hawa? Kwenda kumwita Mulei?"

Wiki hizo saba zilikuwa ngumu kuliko Ndila alivyotazamia. Kuonyesha alikuweza, lakini kueleza hakukuweza. Mambo yalikuwa mikononi mwake, hayakuwahi kupita mdomoni. Siku ya kwanza aliyoacha mlango wazi wakati wa kuzalisha, alijikuta mara tatu anaanza kusema "Tokeni" na kulimeza neno. Kalondu aliuliza, "Kwa nini unabonyeza hapo, Mwaitu, na si hapa?" na Ndila akafungua mdomo kwa lile jibu lake la zamani, akaufunga. Akafikiri. "Njoo uweke mkono wako," alisema. "Unasikia kitu kigumu, cha mviringo? Hicho ni kichwa. Sasa shuka huku. Hapa ni laini. Matako." Kalondu akasikia, na uso wake ukabadilika, na mama mgonjwa mwenyewe akacheka kwa kuambiwa mtoto wake amekaa juu ya matako yake tumboni.

Muthoki ndiye aliyegundua kwamba Ndila hufundisha vizuri zaidi akiwa na kazi mikononi. Basi walikuwa wakikunja bendeji nyuma ya jiko, na hapo maneno yakamtoka: jinsi ya kujua damu ya kawaida na damu ya hatari, jinsi ya kumpa maji mtoto aliyehara, kijiko kwa kijiko, bila kukata tamaa akitapika. Muthoki naye alijua mambo. Alikuwa amezaa sita, na mama mkwe wake alikuwa mkunga wa kijiji chao. Siku moja alisema kwamba mama mkwe hakuwahi kumlaza chali mwanamke mwenye uchungu, alimchuchumalisha. Ndila alisema kule misheni hawakufanya hivyo. Juma lililofuata alikuja mwanamke aliyechoka, mtoto hashuki, na Ndila akamwambia Muthoki, "Hebu mchuchumalishe kama mama mkwe wako." Mtoto akaja.

Mulei alipita mlangoni na kusema, "Wodi yako siku hizi ni shule?" Ndila alimjibu kwamba ni shule, na kama anataka kuingia avue viatu, sakafu imepigwa deki. Mulei alicheka akaenda zake. Lakini baada ya Krismasi alimleta msaidizi wake mmoja, akasema kwa aibu kidogo kwamba kijana hajui kipimajoto, na je, Muthoki anaweza kumwonyesha.

Miwani ilifika katika kikasha cha bati, mwezi wa Januari. Daktari mwenyewe alimvalisha. Ndila alitazama mikono yake kwa mara ya kwanza katika karibu mwaka mzima, akaona imezeeka, na ule ufa umeacha doa jeusi. Alitazama shuka na kuona madoa ambayo hakuna aliyemwambia. Hakusema kitu juu ya madoa yale, siku hiyo.

Mwaka wa 1938, masika yalipomwagika kuliko miaka yote, malaria ilimwangusha Ndila mwenyewe. Walimlaza kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Siku ya kwanza hakulala. Kila mlango ulipolia aliinua kichwa, kila mwanamke alipoguna yeye alijaribu kuteremsha miguu, na Muthoki akamrudisha kitandani kwa kumsukuma begani bila heshima yoyote. Alisikia Kalondu akipokea mwanamke wa Zombe aliyekuja na damu. Alisikia maswali yake, na kila alilotaka yeye kuuliza, msichana aliliuliza, na mengine mawili ambayo yeye asingeyakumbuka kwa homa ile. Alisikia chupa ikisomwa kwa sauti mbili.

Siku ya pili alilala. Alilala mchana kutwa, mdomo wazi, kama mtoto, na alipoamka shuka lake lilikuwa limebadilishwa na hakujua ni nani aliyelibadilisha.

Siku ya tisa aliamka na kutembea, akishika kuta. Wagonjwa wote walikuwa wameoshwa. Mwanamke wa Zombe alikuwa ameketi anakula uji. Vitabu vya wodi vilikuwa vimeandikwa. Jambo moja tu lilikuwa limebadilika: sanduku la shuka lilikuwa limehamishwa kutoka pembeni likawekwa karibu na mlango.

"Nani alihamisha hili?"

"Mimi," alisema Kalondu. "Ni karibu na mahali tunapotumia shuka, Mwaitu. Tulikuwa tunavuka wodi nzima kila mara."

Ndila alilizunguka sanduku. Alisema halipendezi pale, mtu akiingia analiona kwanza. Kalondu alisema kweli, linaonekana kwanza. Wakasimama wote wawili wakilitazama. Kisha Ndila akachukua shuka moja safi juu yake, bila kutembea hatua hata moja, akaenda kumtandikia mgonjwa.